Beitikasta ya kudumu kwa uvuvi wa ndoana Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Beitikasta ni ile rili inayokaa juu ya fimbo, ngoma ya uzi ikiwa imelala kuvuka, na ngoma hiyo ndiyo inayozunguka unaporusha chambo. Rili ya spiningi huning'inia chini ya fimbo na ngoma yake hutulia wakati wa kurusha. Katika maelezo haya, dregi ni breki inayomwachia samaki uzi anapovuta, na kisambazauzi ni kile kijicho kinachokwenda kushoto na kulia mbele ya ngoma.

Beitikasta nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya besi wa Marekani. Uganda tunavua sangara. Zitatufaa?

Zitafaa, ila usichukue yoyote tu. Besi mwenye mdomo mkubwa, ambaye rili hizi ndogo bapa zilibuniwa kwa ajili yake, ni samaki wa kiasi. Rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na ushei: mmoja alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na aliyelingana naye akapatikana Japani mwaka 2009. Anayewataka besi wenyewe atawakuta jirani, Ziwa Naivasha, Kenya, walikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920.

Huku kwetu, chambo kile kile unachomrushia besi hudakwa na sangara, yaani mputa. Rekodi ya sangara kwa ndoana ni kilo 104.32, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Hiyo haina maana kwamba kila anayerusha Masese au Kigungu atakutana na jitu la namna hiyo. Maana yake ni kwamba rili iliyotengenezwa kwa samaki wa kilo 3 inaweza, bila taarifa, kujikuta inavutana na wa kilo 30. Samaki huyo ndiye anayeivunja. Kwa hiyo tunaigawa kazi mara tatu:

Sangara wadogo na wa wastani ziwani, ukiwa ndani ya mtumbwi au ukingoni: beitikasta bapa ya namba 150 hadi 200, yenye fremu ya alumini, inatosha. Ukiburuta chambo nyuma ya boti kwenye Ziwa Victoria au Albert: namba 300 hadi 400, au ya mviringo. Chini ya maporomoko ya Murchison, unaposimama ukingoni na mto ukienda mbio: namba 400 au rili kubwa ya mviringo, pungufu ya hapo usijaribu. Hizo namba ni za ukubwa wa mwili wa rili, na kila kampuni ina zake, hivyo zichukue kama makadirio.

Ni kitu gani hasa kinachoifanya rili idumu?

Vitu vitano, na tunavipanga kwa uzito wake.

Cha kwanza ni fremu. Fremu ni mifupa ya rili: inashika ngoma, gia na mguu unaokaa kwenye fimbo. Fremu ya alumini iliyo kipande kimoja haipindi. Ya grafaiti, ambayo kwa kweli ni plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, hupinda kidogo uzi unapovutwa kwa nguvu. Ikipinda, gia mbili zilizotakiwa kukutana meno kwa meno zinakutana kwenye ncha tu. Ncha zinalika, na baada ya msimu mmoja rili inakwaruza kama inasaga mchanga. Wengi hulaumu gia, kumbe mkosaji ni fremu. Vifuniko vya pembeni vikiwa vya grafaiti si tatizo, ilimradi fremu ya ndani ni chuma.

Cha pili ni gia kubwa na pinyoni, ile gia ndogo ndefu iliyo katikati. Shaba ya njano ni nzito kidogo lakini inavumilia. Alumini ni nyepesi na inalika mapema. Zilizomiminwa kwa zinki, zinazopatikana kwenye rili za bei ya kutupa, hupukutika meno. Angalia pia kama pinyoni imeshikwa na beringi pande zote mbili; ikielea upande mmoja, itatikisika chini ya mzigo.

Cha tatu ni dregi. Tafuta yenye washa za kaboni, washa zikiwa vile visahani vinavyobanana ndani ya dregi. Za sufi iliyolowa mafuta hufanya kazi, ila zikipata joto la samaki anayekimbia mfululizo huanza kushika na kuachia, kushika na kuachia, na uzi hukatika katika moja ya mishiko hiyo.

Cha nne ni beringi ya njia moja, inayozuia hendeli kurudi nyuma. Ndani yake mna vijiti vidogo vya chuma na springi nyembamba. Rili nzuri huwa na kijino cha akiba nyuma yake, ili beringi ikishindwa, hendeli isikuvunje vidole.

Cha tano ni vipuri. Rili isiyopatikana kijino cha kubadilisha cha kisambazauzi (kile kinachopita kwenye mfereji wa skrubu yake ndefu na kukisogeza) ni rili ya kutupa, hata ingekuwa ya dhahabu.

Sanduku limeandikwa beringi 18. Si ni bora kuliko yenye 7?

La. Hii ndiyo chambo anayowekewa mnunuzi. Beringi zenye kazi kubwa ni chache: mbili za ngoma, moja au mbili za pinyoni, mbili za mhimili wa hendeli, na ile ya njia moja. Zinazobaki hujazwa kwenye vishikio vya hendeli na kwenye kisambazauzi, mahali ambapo bushi ya kawaida, yaani pete isiyo na gololi, ingetosha. Kila beringi ya ziada ni mlango mwingine wa vumbi na kutu. Beringi 6 za chuma kisichoshika kutu zina thamani kuliko 18 za chuma cha hovyo, na mtengenezaji anayeuza rili ya bei ya chini kabisa huku akijaza beringi 18 lazima amebana mahali pengine. Kwa kawaida amebana kwenye gia.

Nichague kasi gani ya gia?

Namba kama 6.3:1 inamaanisha kwamba hendeli ikizunguka mara moja, ngoma inazunguka mara 6.3. Lakini mvuvi anachohitaji kujua ni sentimita ngapi za uzi zinaingia. Hesabu yake ni rahisi: kipenyo cha uzi uliojaa kwenye ngoma, mara 3.14, mara namba ya gia. Ngoma iliyojaa hadi milimita 38 kwa gia ya 6.3 inavuta kama sentimita 75 kwa mzunguko. Ngoma hiyo hiyo kwa gia ya 5.3 inavuta 63, na kwa 8.1 inavuta 97.

Kasi inalipwa kwa nguvu, sawa na baiskeli: gia ya mbio haipandi mlima. Ukivuta chambo kizito chenye mdomo mpana kinachosukuma maji mengi, gia ya 8.1 itakuchosha mkono ndani ya saa moja, na meno yake yatalika mapema. Kwa sangara tunapendekeza kati ya 5.3 na 6.4. Gia ya 7 na kuendelea mwachie anayerusha chambo kinachozama na kuhitaji kuondoa uzi uliolegea haraka, au anayelazimika kumng'oa samaki kwenye gugumaji kabla hajajifunga.

Ukitaka uimara pekee, bila kuangalia starehe: 5.3, na hendeli ya milimita 100.

Dregi ya kilo 10 iliyoandikwa kwenye sanduku inamaanisha nini?

Inamaanisha kwamba kiwandani, dregi ikiwa imekazwa hadi mwisho, uzi ulianza kutoka kwenye kilo 10. Haikuambii kama fremu ilibaki imenyooka wala kama dregi ilitoka laini. Hutaitumia hata kidogo, kwa sababu dregi inawekwa robo hadi theluthi moja ya nguvu ya sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mshipi wako. Kama kipande cha mbele ni nailoni ya paundi 40, yaani kilo 18, dregi ni kilo 4.5 hadi 6.

Usikadirie kwa mkono, mkono hudanganya. Chukua ile mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia mizigo ya safari, ning'iniza ndoano yake kwenye fundo la uzi, shika fimbo kwa pembe ya kawaida ya kupigana na samaki, kisha mwenzako avute polepole. Soma namba pale ngoma inapoanza kuachia, halafu soma tena ikiwa inaendelea kuachia. Namba ya kuanzia ikiwa juu sana kuliko ya kuendelea, washa zimekauka au zimegandana.

Kuna jambo moja hapa ambalo limekata nyuzi nyingi. Dregi inabana mhimili, haibani uzi. Kadiri uzi unavyopungua kwenye ngoma, ndivyo samaki anavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi kuuzungusha. Ile ngoma ya milimita 38 ikibaki na uzi wa milimita 24, kilo 5 ulizoweka zimekuwa karibu kilo 8 bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo samaki akishachukua zaidi ya nusu ya ngoma, legeza kidogo nyota, ile gurudumu yenye ncha iliyo nyuma ya hendeli inayokaza dregi. Wengi hufanya kinyume: wanaona uzi unaisha, wanaogopa, wanakaza, na hapo hapo unakatika.

Uzi kiasi gani unaingia, na wa aina gani?

Maandishi kama "0.33 mm/110 m" kwenye ngoma ni ya nailoni. Kubadilisha kwenda uzi mwingine, gawa unene wa zamani kwa mpya, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa mita. Uzi wa kusuka wa paundi 50 una unene wa karibu 0.36 mm, hivyo rili hiyo ya besi itabeba kama mita 92. Wa paundi 65, wenye 0.41 mm, utaingia mita 71 tu. Kwenye mtumbwi unaoweza kumfuata samaki, mita 92 zinatosha. Ukiwa ukingoni mwa Nile, sangara akiingia kwenye mkondo, hazitoshi. Huko lenga mita 200 za paundi 65, maana yake rili iliyoandikwa karibu mita 310 za 0.33 mm.

Uzi wa kusuka unateleza juu ya ngoma laini. Hendeli inazunguka, ngoma inazunguka, samaki haji, na mtu anadhani dregi imekufa. Anza na mita 5 hadi 10 za nailoni, au zungusha plasta ya dukani mara moja na nusu kwenye ngoma, ndipo ufunge uzi wa kusuka. Ujaze ukiwa umebanwa na kitambaa kilicholowa, la sivyo mzunguko wa juu utajichimbia chini ya wenzake siku ya samaki mkubwa. Acha milimita 2 hadi 3 kabla ya ukingo wa ngoma. Ukijaza hadi ukingoni, mzongo, yaani uzi kuzongamana kwenye ngoma, unakungoja kwenye mrusho wa kwanza.

Mbele weka mita moja na nusu hadi mbili za nailoni nene au fluorokaboni. Sangara hana meno ya kukata kama ya ngassa (tigerfish), lakini ukingo wa mfuniko wa shavu lake ni wembe, na midomo yake ni msasa.

Nitajaribuje rili dukani kabla ya kutoa pesa?

Usiridhike na kuizungusha hewani. Rili zote huzunguka vizuri hewani. Nenda na kipande cha uzi cha mita 3 mfukoni.

Shika hendeli, itikise mbele na nyuma bila kuzungusha. Mchezo ukizidi upana wa ukucha, beringi ya njia moja ni dhaifu. Kisha ivute hendeli nje na ndani: mchezo mdogo ni kawaida, mkubwa ni mhimili usio na washa za kutosha.

Bonyeza kitufe cha kuachia ngoma mara 20. Kirudi kila mara unapozungusha hendeli. Kikikwama hata mara moja, iache.

Funga uzi wako kwenye ngoma, zungusha mara kadhaa, kaza dregi hadi mwisho, mwambie muuzaji ashike uzi kwa kitambaa na avute huku ukiangalia nafasi kati ya ngoma na fremu. Nafasi hiyo lazima ibaki sawa pande zote. Ukiona ngoma inasogea na kugusa upande mmoja, umeona fremu ikipinda kwa macho yako. Muuzaji akikataa jaribio hili, na hilo pia ni jibu.

Legeza dregi nusu, vuta uzi taratibu. Utoke kama maziwa yanavyomiminika, bila kuruka.

Mwisho fungua kifuniko cha pembeni. Rili inayofunguka kwa kidole au kwa bisibisi moja ya kawaida ni rafiki wa mvuvi. Angalia skrubu: zikikaa moja kwa moja kwenye plastiki, zitalegea baada ya kufunguliwa mara chache.

Ya bandia nitaitambuaje?

Soma maandishi kwa utulivu: herufi iliyokosewa kwenye jina la kampuni, namba ya modeli isiyopatikana kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uzito usiolingana na ulioandikwa. Beba mizani ile ile ya mizigo, ukijua kwamba ndogo za besi nyingi huwa na gramu 150 hadi 230, na ya mviringo ya sangara huenda 300 na zaidi. Sanduku lisilo na mchoro wa vipuri vilivyopewa namba linatia shaka, kwa sababu kampuni kubwa nyingi huweka mchoro huo.

Ukiagiza kutoka nje, hesabu usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei. Agiza na vipuri siku hiyo hiyo: kijino kimoja cha kisambazauzi, beringi mbili za ngoma, seti moja ya washa za dregi. Vyote kwa pamoja vinajaa kiganja, na vikija peke yao baadaye usafiri utakuwa ghali kuliko vyenyewe.

Ya mviringo au bapa?

Bapa hukaa vizuri mkononi na hurusha chambo chepesi. Ya mviringo ni nzito, lakini ina nafasi ya gia kubwa na uzi mwingi, na ndani yake ni wazi, fundi anaona kila kitu. Abu Garcia Ambassadeur, iliyozaliwa Svängsta, Uswidi, katika miaka ya 1950, bado ni kipimo cha aina hii: umbo lake halijabadilika sana, na vipuri vyake vingi hupatikana hata kwa rili za zamani. Shimano na Daiwa za Japani wana bapa kubwa, kama Tranx na Lexa, zinazobeba mzigo wa sangara bila uzito wa chuma cha zamani. Kwa mtu anayeishi mbali na fundi, tunaegemea mviringo. Inasamehe makosa.

Breki ya sumaku au ya vijiti?

Zote hudumu. Ya sumaku unairekebisha kwa kuzungusha kitasa cha nje, rahisi kwa anayeanza. Ya vijiti, vinavyorushwa nje na mwendo wa ngoma na kusugua duara la ndani, inakwenda mbali zaidi ukishaizoea, ila kwenye nyingi lazima ufungue kifuniko. Vijiti vikiwa sita, anza na vinne, kisha viwili, daima vikitazamana ili ngoma isiyumbe.

Kila nikirusha uzi unazongamana. Rili ni mbovu?

Pengine siyo. Mzongo hutokea ngoma inapozunguka haraka kuliko uzi unavyoondoka, na kosa liko mwanzoni mwa mrusho au mwishoni.

Funga chambo cha gramu 20 hivi. Fimbo iwe mlalo, kaza kile kitasa kidogo kilicho upande wa hendeli, bonyeza kitufe. Chambo kisishuke. Sasa legeza kidogo kidogo hadi kishuke taratibu, na kikigusa ardhi ngoma isimame yenyewe, isiongeze hata nusu mzunguko. Weka sumaku kwenye 7 au 8 kati ya 10. Rusha kwa ulaini, kidole gumba kikigusa uzi kama unapapasa yai, na ukikandamize kabla tu chambo hakijagusa maji. Shusha breki namba moja kila baada ya mirusho 20 safi. Ukibadilisha chambo, rudia kitasa upya.

Mchana upepo wa Ziwa Victoria unapoanza kukupiga usoni, rudisha namba mbili. Chambo kinasimamishwa na upepo, ngoma haina habari.

Mzongo ukishatokea usivute kwa hasira. Kaza dregi, kandamiza ngoma kwa kidole gumba kwa nguvu, zungusha hendeli mara mbili au tatu huku kidole hakitoki, kisha achia na uvute uzi. Vitanzi vingi vitakuwa vimelala. Rudia. Kisu kiwe cha mwisho.

Maji ni baridi, hayana chumvi. Kwa nini nihangaike kuisafisha?

Kwa sababu adui wa huku ni mchanga, vumbi la murram na uchafu wa mtumbwi. Rili iliyowekwa sakafuni, kwenye maji yaliyochanganyika na magamba na mchanga, inakunywa yote hayo kupitia kisambazauzi. Ziwani wale wadudu wanaopanda kama moshi hunata kwenye mafuta na kugeuka uji. Na maji ya Ziwa Albert yana chumvichumvi nyingi kuliko ya Victoria, hivyo anayevua Butiaba au Panyimur asijidanganye.

Kila urudipo: kaza dregi, mwagia maji safi kidogo kwa kikombe, usiizamishe ndooni. Kutumbukiza kunasukuma mchanga ndani. Futa, tikisa, kisha legeza dregi kabisa. Ikilala imekazwa, washa zinagandana.

Kila baada ya safari tano au sita: tone moja la mafuta kwenye kila beringi ya ngoma, tone moja kwenye vishikio vya hendeli, na skrubu ndefu ya kisambazauzi uipanguse kwa kijiti cha pamba kabla ya kuipaka upya. Mafuta ya cherehani yanafaa. Oili ya injini ni nzito, inapunguza mrusho. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Mara mbili kwa mwaka: ifungue yote.

Naifunguaje bila kupoteza kitu?

Trei ya mayai. Ina mashimo 30, na hiyo inatosha rili nzima. Shimo la kwanza ni cha kwanza kutoka, na unapiga picha kwa simu kila hatua. Wakati wa kurudisha unaanzia shimo la mwisho.

Toa nati ya hendeli, hendeli, nyota, na zile washa za springi zilizopinda. Kumbuka zinatazamana vipi: zikigeuzwa vibaya dregi haitakaza. Ondoa kifuniko. Sehemu ya springi mbili ndogo zinazosukuma pinyoni ifungulie ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) inayoonyesha, mikono yako ikiwa ndani, kwani springi hizo huruka na hazionekani tena.

Gia zisugue kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, zikauke kabisa. Paka grisi nyembamba inayoziba mabonde ya meno, isifanye tope. Washa za kaboni futa kwa kitambaa kikavu, paka utando wa grisi ya dregi kiasi cha punje ya mchele kwa kila moja. Beringi ya njia moja isiguswe na grisi kamwe; tone moja la mafuta mepesi, na uipanguse. Duara linalosuguliwa na vijiti vya breki libaki kavu.

Beringi imeanza kulia. Lazima niagize Japani?

Mara nyingi hapana. Beringi za ngoma kwenye rili nyingi ni za 3 x 10 x 4 mm, ambazo kwenye duka la beringi za viwandani huitwa 623. Zile za 5 x 11 x 4 mm huitwa MR115. Pima ya zamani kwa kalipa: tundu la ndani, kipenyo cha nje, unene. Omba zilizo na kinga ya chuma pande zote mbili na za chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kuitupa ya zamani, ioshe kwa petroli ukiwa nje, mbali na moto, ikauke, ichomeke kwenye njiti na uizungushe kwa kidole. Ikinyamaza, ilikuwa uchafu tu. Ikiendelea kukwaruza, imekwisha.

Nikipiga ndoana hendeli inarudi nyuma robo mzunguko. Kwa nini?

Kuna grisi kwenye beringi ya njia moja. Ioshe. Ikiwa bado, ule mrija laini inaozungukia umechimbika. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Uzi unarundikana upande mmoja wa ngoma.

Kijino cha kisambazauzi kimelika ncha. Kitoe kupitia kofia ndogo iliyo chini, weka kipya, safisha mfereji wa skrubu ndefu. Kazi ya dakika tano. Usiendelee kuvua nacho, kwa sababu kijino kilicholika kinaharibu skrubu yenyewe, na hiyo si ya dakika tano.

Hendeli ya kushoto au ya kulia?

Beitikasta haigeuzwi kama spiningi, kwa hiyo amua kabla ya kulipa. Anayerusha kwa mkono wa kulia na kutaka fimbo ibaki mkono huo huo anunue ya hendeli ya kushoto. Kwa sangara mkubwa wengine hupenda mkono wenye nguvu uzungushe. Ya kulia hupatikana kwa urahisi zaidi, na vipuri vyake pia.

Nahitaji kibali?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, ndiyo. Uvuvi wa michezo unaruhusiwa kwa kibali cha Uganda Wildlife Authority, mbali na ada ya kuingia. Ukingoni nenda na askari wa hifadhi. Viboko na mamba hawajali rili yako ni ya kampuni gani.

Naibebaje kwenye boda boda?

Ivue kwenye fimbo. Iliyobaki kwenye fimbo, mguu wake unapigwa na kila shimo la barabara hadi skrubu zinalegea, na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye mafuta ya kisambazauzi. Legeza dregi, kaza kitasa cha ngoma ili isizunguke, ivalishe soksi nene, iingize kwenye begi la mgongoni katikati ya nguo. Soksi iwe kavu.